Dole Gumba la Bi Asmahani

Vyumba vilikuwa vinane, na Koplo Octavian Masolwa alivihesabu mara mbili, kwa sababu mwanajeshi aliyeweka akiba miaka kumi na miwili haamini hesabu ya mara moja. Vitano vilitazama barabara, vitatu vilikuwa uani karibu na kisima. Kuta zilikuwa nene, za udongo uliopigwa lipu juu, za enzi zile misafara ilipopita Tabora kwenda Ujiji na watu wakajenga nyumba za kukaa wao na wajukuu zao. Bati lilikuwa na kutu upande mmoja tu. Kila chumba wanachuo wawili, kila mwanachuo na kodi ya miezi sita mkononi kabla hajaingiza godoro. Hesabu hiyo Octavian alikuwa ameshaipiga, tangu alipoitazama nyumba mara ya kwanza mwanzoni mwa likizo, mpaka akaiota.

"Umenifungulia milango saba, afande," alisema.

Aliyeitwa afande alikuwa Majidi, sajenti mstaafu, mzaliwa wa mtaa huo huo wa Chemchem, mrefu, mwenye mvi pembeni mwa kichwa na sauti ambayo hata akinong'ona utadhani anakagua gwaride.

"Wa nane haufunguki," Majidi alijibu. "Shemeji yangu yumo humo, yuko eda. Mumewe, kaka yangu Omari, leo ni siku ya themanini na saba tangu tumzike. Wewe ni Mkristo wa Puge, lakini umekaa na sisi vya kutosha, unaelewa. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki, na mwanamume asiye wa damu yake haingii. Hata mimi shemeji mtu siingii."

"Na amekubali kuuza?"

Majidi alitoa karatasi mfukoni mwa shati, akaikunjua kwa madaha. "Ridhaa yake hii hapa. Ilipelekwa ndani na mwanamke mwenzake, akasomewa, akaelewa, akaweka dole gumba. Au unataka nikugongee mlango ukamsumbue mfiwa?"

"Hapana, afande."

Jibu hilo lilimtoka Octavian kabla hajalifikiria, na hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa wake. Kwa miaka saba aliyokuwa chini ya Majidi alikuwa na majibu mawili tu mdomoni, ndiyo afande na hapana afande, na yote mawili yalikuwa na maana moja: ulivyosema ndivyo. Majidi alikuwa amestaafu miaka mitatu iliyopita. Mdomo wa Octavian haukuwa umepata taarifa.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Ijumaa baada ya swala wangekutana ofisi ya serikali ya mtaa kuandikiana mauziano. Jumapili likizo ilikuwa inakwisha na Octavian alitakiwa kuanza safari ya Dar es Salaam, na kutoka huko misheni ya kulinda amani nje ya nchi, mwaka mzima. Ijumaa ikipita, alisema Majidi, kuna mnunuzi wa tumbaku kutoka Urambo anayepiga simu kila asubuhi. Karatasi za mirathi kutoka mahakamani zingefuata, ule ni utaratibu tu.

Mwaka uliotangulia, kambini kwao kulifanyika semina ya kujiandaa kustaafu. Mtoa mada, bwana mmoja mwenye tai nyekundu, aliwaambia wanajeshi kwamba kosa lao ni kungoja kiinua mgongo ndipo waanze kufikiria nyumba. Anzeni mkiwa bado na mshahara, alisema, nunueni nyumba yenye wapangaji, mpangaji awe ndiye anayewalipia. Wengi walisinzia. Octavian aliandika kurasa nne. Alikuwa amewaona wastaafu wakikabidhi funguo za kota asubuhi na jioni wakishusha masanduku kwa shemeji zao, watu waliowahi kuamrisha kikosi kizima sasa wakiambiwa wapunguze sauti ya redio. Aliogopa hilo kuliko alivyoogopa risasi, na hakuona haya kulikiri.

Kwa hiyo zilikuwepo milioni thelathini, akiba ya miaka ile kumi na miwili pamoja na posho ya misheni ya kwanza, na nyumba ilikuwa inauzwa milioni thelathini. Yaani zilikuwepo. Sita kati ya hizo Octavian alishamtumia Majidi mwezi uliopita kwa simu, malipo ya awali ya kuishikilia nyumba, bila karatasi wala shahidi, na bila kumwambia mkewe.

Magreth alikuwa fundi cherehani upande wa Ng'ambo, ambako walipanga vyumba viwili yeye na binti yao Consolatha wakati baba mtu akiwa kambini. Alikuwa mwanamke wa Lusu, mfupi, mwenye macho ambayo yakikutazama unakumbuka kosa ulilolifanya juzi. Jioni ile Octavian alipomweleza habari za nyumba, aliendelea kukanyaga cherehani mpaka mwisho wa pindo, ndipo akainua uso.

"Huyo mjane umemwona?"

"Yuko eda. Haonekani."

"Umemsikia?"

"Magreth, kuna karatasi."

"Sijauliza karatasi. Nimeuliza kama kuna mtu aliyemsikia huyo mama akisema kwa kinywa chake, nyumba yangu nauza."

"Afande ndiye aliyesema. Yule ni afande, Mama Consolatha! Bila yeye wewe ungekuwa na picha yangu ukutani na basi."

Hilo lilikuwa kweli, na Magreth alilijua. Kwenye misheni ile ya kwanza gari lao lilitoka kwenye daraja la magogo likaingia mtoni, magurudumu juu. Wenzake walitoka. Octavian alibanwa mguu chini ya benchi, maji yakimfika puani, kisha yakampita. Sajenti Majidi alizama mara ya kwanza akamkosa. Akazama mara ya pili. Mara ya tatu alikuja na mtarimbo, akang'oa benchi, akamtoa. Mtu akikufanyia hivyo hukai ukamwuliza maswali ya nyumba. Octavian aliona hivyo, na nani angemlaumu?

Magreth ndiye. "Alikutoa majini, namshukuru mpaka kufa," alisema. "Lakini nyumba si maji. Kesho nakwenda kumpa pole huyo mama. Mimi ni mwanamke, hakuna pazia linalonizuia."

"Usiende. Afande ataona simwamini."

"Basi aone."

Alhamisi asubuhi alijitanda khanga, akafunga kilo mbili za sukari na matobolwa, viazi vitamu vya kukausha, aliyoletewa kutoka Lusu, akaondoka. Octavian alibaki kibarazani anafagia mahali pasipo na uchafu. Alimwandalia mtoto uji ukaungua. Simu ilipolia na jina la Majidi likatokea, aliiacha ikalia mpaka ikanyamaza, kisha akashikwa na hofu kwa kuiacha, kana kwamba ametoroka lindo.

Magreth alirudi adhuhuri imepita. Alikunywa maji kikombe kizima akiwa amesimama.

"Nimemwona," alisema. "Mama wa heshima, mtu mzima, kavaa nguo nyeupe tupu. Ana miwani. Ana daftari."

"Daftari la nini?"

"Anaandika jina la kila anayekuja kumpa pole, ili eda ikiisha apite kushukuru nyumba hadi nyumba. Ameniuliza jina langu na kwetu. Nimemwambia Magreth wa Lusu. Baba Consolatha, ana mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu wetu wa darasa la saba! Amefundisha madrasa miaka thelathini. Nusu ya Chemchem wamejua kusoma kwa kiboko chake."

Octavian aliinuka akaenda chumbani. Nakala ya ile karatasi ya ridhaa ilikuwa kwenye begi lake. Majidi alimpa akaisome, na yeye kama kawaida yake hakuisoma, aliitunza. Sasa aliitoa. Mstari wa tatu ulisema: mimi Asmahani, nisiyejua kusoma wala kuandika, nimesomewa maelezo haya na kuyaelewa. Chini yake palikuwa na alama ya wino wa bluu, nene, ya kidole kipana.

"Ulimwambia habari ya kuuza?" aliuliza, na sauti yake mwenyewe hakuipenda.

"Nimwambie mfiwa nyumba yake inauzwa kesho? Nimemwuliza tu, eda ikiisha una mpango gani, mama. Akasema, siku hiyo nitasema langu, mwanangu, sasa si wakati wake." Magreth aliketi. "Haya. Umshukuru Mungu hatujatoa hata senti."

Octavian alitazama sakafu.

"Hatujatoa, sivyo?"

Hakuna namna nzuri ya kulisema jambo kama lile, na Octavian alichagua mbaya kuliko zote: alilisema kwa pumzi moja kama ripoti ya zamu. Milioni sita. Mwezi uliopita. Kwa simu. Magreth hakupiga kelele. Alikwenda kwenye cherehani akaifunika kwa kitambaa, kazi anayoifanya jioni tu, na saa zilikuwa tisa za mchana.

"Milioni sita," alisema hatimaye. "Consolatha anakwenda shule na soksi zilizoshonwa kisigino."

"Nilitaka nikushangaze."

"Umefaulu."

Octavian alimfuata Majidi kabla jua halijazama. Alimkuta kwenye kijiwe cha kahawa nyuma ya soko, peke yake kwenye benchi, kikombe kidogo kikipotelea kwenye kiganja chake. Octavian aliomba waongee pembeni. Alikuwa amejipanga njia nzima: ataanza na salamu, ataingia kwa upole, atauliza kiutu uzima. Badala yake aliitoa karatasi akaweka kidole kwenye mstari wa tatu.

"Afande, Bi Asmahani anajua kuandika."

Majidi aliitazama karatasi kwa muda mrefu kuliko mistari yake. Hakukana. Octavian angefurahi kama angekana.

"Kaka yangu hakuacha mtoto," Majidi alisema. "Kwa sheria ya dini yetu, mjane asiye na mtoto ana robo. Inayobaki ni yangu. Robo tatu ya nyumba ile ni yangu, Octavian, sijaiba cha mtu."

"Na robo yake?"

"Ningempa."

"Basi dole gumba la nini?"

Mwuza kahawa aligonganisha vikombe vyake. Majidi alingoja apite.

"Unajua kiinua mgongo changu kilikwenda wapi? Viwanja vinne. Nilionyeshwa ramani, nikaonyeshwa mawe ya mipaka, nikalipa. Ni hifadhi ya barabara. Watu wa barabara wamekuja wakapaka alama nyekundu mpaka kwenye mche wa papai niliopanda. Naishi vyumba viwili na watoto wanne, tunalala kwa zamu. Mimi! Mirathi mahakamani ni miezi, na wewe Jumapili unaondoka. Nani mwingine Tabora hii ana milioni thelathini taslimu na ananiamini?"

Neno hilo la mwisho lilimwingia Octavian vibaya. Alimhurumia, kwa kweli alimhurumia, na huruma yenyewe ikamkera.

"Nirudishie zile sita, afande. Hatukuandikiana chochote. Tuyaache haya."

"Zimekwisha. Zilikwenda kwenye ada na pango." Majidi alisimama, na aliposimama Octavian naye alinyooka bila kujua. "Sikiliza. Ukikataa kesho, huna nyumba na huna milioni sita. Ukisaini, una nyumba, na shemeji yangu nitamweleza mimi mwenyewe. Siku ile mtoni sikukuuliza una shilingi ngapi. Nilizama mara tatu. Mimi nakuomba mara moja."

Akalipa kahawa ya wote wawili, akaenda zake msikitini.

Usiku ule na asubuhi yake nyumba ya Ng'ambo ilikuwa na maneno machache. Octavian aligeuza hesabu kila upande. Akisaini, mjane anatolewa, au pengine hatolewi, pengine anaelewa, watu huelewana. Asiposaini, milioni sita zimekwenda na maji, mwaka mwingine wa kodi ya kupanga, na mtu aliyempa uhai anamwita msaliti. Alipiga pasi shati lake mara mbili. Magreth alisema jambo moja tu, akiwa anamsuka mtoto.

"Ukisaini, humo mimi siingii. Utakaa na wanachuo wako."

Lakini alikwenda naye. Aliketi kwenye kiti cha nyuma ofisini, mkoba mapajani, ndani yake kadi ya benki.

Ofisi ya serikali ya mtaa ilikuwa chumba kimoja chenye meza, kabati na kalenda ya mwaka juzi. Mwenyekiti, Bwana Nurdini, mtu wa miaka arobaini na kitu aliyekuwa na duka la vyuma, alitoka swalani na kanzu yake, akaketi, akafungua kibweta cha muhuri. Mashahidi wawili wa Majidi walikaa ukutani. Mkataba ulikuwa wa kurasa tatu, na nyuma kabisa ilibanwa ile karatasi ya ridhaa, imekunjwa. Nurdini alisoma mkataba kwa sauti ya mtu mwenye njaa: mwuzaji, mnunuzi, nyumba namba fulani, mipaka kaskazini, mipaka kusini. Alipofika ukurasa wa tatu aligeuza moja kwa moja penye mstari wa sahihi. Viambatisho hakuvigusa.

"Mwuzaji keshasaini. Mnunuzi?"

Kalamu ilikuja. Octavian aliitazama.

"Koplo," alisema Majidi taratibu. "Weka sahihi."

Na mkono ukaenda. Octavian baadaye aliapa kwamba hakuutuma. Ulitii ile sauti kama ulivyoitii miaka saba, asubuhi na jioni, kwenye jua na kwenye matope. Ncha ya kalamu iligusa karatasi, ikazunguka, ikaandika O kubwa, ya duara, safi. Nyuma yake alisikia Magreth akivuta pumzi. Majidi alishusha mabega.

Kalamu ilisimama pale. Octavian alijua kwamba akiandika herufi ya pili ataandika zote.

"Hapana, afande," alisema.

Yalikuwa maneno yale yale ya siku zote, lakini safari hii yalikuwa na maana yake, na kila mtu chumbani aliisikia tofauti. Shahidi mmoja alikohoa.

"Hapana nini?" aliuliza Nurdini.

"Mwenyekiti, naomba kabla sijaendelea, ile karatasi ya mwisho nayo isomwe. Isomwe kwa sauti."

"Octavian," alisema Majidi.

"Isomwe, afande."

Nurdini aliikunjua karatasi. Alianza kwa sauti ile ile ya njaa. "Mimi Asmahani, mjane wa marehemu Omari, nisiyejua kusoma wala..." Akanyamaza. Alirudia kimoyomoyo, midomo ikicheza, kisha akavua kofia akaiweka mezani.

"Nani huyu asiyejua kusoma?"

Alizitazama nyuso za chumbani moja moja.

"Nauliza! Asmahani huyu wa hapa mkabala? Huyu aliyenichapa viganja miaka mitano? Mwanangu wa kwanza kamfundisha yeye, na wa pili kamfundisha yeye. Wewe Masudi uliyekaa hapo kama shahidi," alimgeukia mmoja wa wale ukutani, "nani alikufundisha wewe kuandika jina lako, ambalo mpaka leo unaliandika upande?"

Masudi alitazama miguu yake. Majidi hakuwa akitazama popote. Nurdini alifunga kibweta cha muhuri kwa kishindo, akasimama.

"Tunavuka barabara," alisema. "Sote."

Walisimama ukumbini, mbele ya mlango wa nane, ambao sasa ulifunguliwa kwa ndani na pazia likashushwa. Pazia lilikuwa la kitambaa cha kahawia, limefuliwa mpaka limepauka. Nurdini alitoa salamu, akaomba radhi mara tatu kwa kuja na wanaume mlangoni, kisha akaeleza yote bila kupamba: nyumba, bei, karatasi, dole gumba. Alipomaliza, kuku walisikika uani wakipekua.

"Majidi yupo hapo?" iliuliza sauti. Ilikuwa sauti ya mwalimu, haikupandishwa.

"Nipo, shemeji."

"Mbona umekaa kimya? Ulikuwa na haja, ukaona huwezi kusimama hapo ulipo sasa ukaniambia? Pazia halizibi maneno. Watu wananiuliza hali kila siku kupitia hapo."

Ndani palisikika droo ikivutwa. Kisha mkono mwembamba, usio na pete wala hina, ulitokeza pembeni ya pazia ukiwa na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara mbili. Magreth ndiye aliyekuwa karibu. Aliipokea akampa mwenyekiti.

"Soma, Nurdini. Soma kwa kituo, si kwa kukimbia."

Nurdini alisoma. Mwandiko ulikuwa umesimama sawasawa, mistari imenyooka. Ilikuwa na tarehe ya mwezi mmoja uliopita. Mimi Asmahani, kwa hiari yangu na akili zangu timamu, eda yangu ikiisha nakwenda Ujiji kuishi na dada yangu, ambaye yuko peke yake. Haki yangu katika nyumba ya marehemu mume wangu, ambayo ni robo, namwachia shemeji yangu Majidi, kwa sababu ana watoto na hana pa kuwaweka. Naomba asinishukuru mbele za watu. Chini palikuwa na sahihi.

Octavian hakuthubutu kumtazama afande wake. Alimsikia tu. Majidi alitoa sauti ndogo kooni, ya mtu aliyekanyaga msumari na hataki watu wajue.

"Nilikuwa nangoja nitoke, nimkabidhi mkononi," ilisema sauti ya ndani. "Siku arobaini na moja zimebaki. Angengoja, angekuwa na nyumba nzima, auze, apangishe, shauri yake. Magreth wa Lusu, upo? Nirudishie karatasi yangu, mwanangu."

Magreth aliichukua kutoka mkononi mwa Nurdini. Alisita kidogo, kisha akaipitisha pembeni ya pazia. Wote walisikia ikichanwa. Haikuchanwa kwa hasira. Ilichanwa mara moja, ikakunjwa, ikachanwa tena.

Majidi alijishika ukutani. Alikuwa mtu mkubwa, na ukumbi ule ulikuwa mwembamba, ikabidi mashahidi wampishe apite. Alitoka nje kwenye jua bila kusema neno, na Octavian, ambaye mguu wake ulishanyanyuka kumfuata, aliulazimisha ukarudi chini. Angemfuata, ndiyo. Angemdai zile milioni sita polepole, angekula naye tena, au asingekula naye tena. Lakini hakuweza kumfuata kwa sasa, kwa sababu sauti ilikuwa imemgeukia.

"Na huyu mnunuzi. Yupo?"

"Nipo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja hapa mara ngapi kutazama nyumba?"

"Mara mbili, mama. Ya kwanza wakati naanza likizo. Na juzi."

"Nilisikia viatu. Nilisikia mtu akihesabu vyumba. Nikasema, huyo akifika hapa atabisha, ataniuliza. Ukafika, ukasimama hapo hapo ulipo, ukaondoka. Ungeniuliza siku ile, ningekwambia hayo yaliyoandikwa, Majidi angekuuzia kwa haki, leo ungekuwa na nyumba yako na yeye na hela yake. Uliogopa nini, mwanangu?"

Mkewe alikuwa akimtazama, na mwenyekiti, na Masudi anayeandika jina lake upande.

"Niliogopa kukosa adabu, mama."

"Ukaona adabu ni kuinunua nyumba yangu nikiwa ndani yake."

Octavian alisimama mikono ubavuni, visigino pamoja, akatazama pazia lililopauka.

"Hodi ni bure, baba," ilisema sauti, na mlango wa nane ukafungwa.